Ada ya Kupanda Milima

3 Machi

Mama, shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, bado nipo chumba cha kufulia cha hoteli, napiga pasi mashuka ya watu nisiowajua. Nimejiunga na klabu ya wapanda milima. Kila Jumapili tunakutana kituo cha mabasi, tunapanda, tunashuka. Ada ya mwaka si ndogo, ndiyo maana safari hii nimekutumia pungufu. Usinikasirikie.

Mwanao, kitindamimba

20 Machi

Kitindamimba wangu, marahaba. Kikohozi kimeondoka, goti ndilo limegoma. Nimesoma barua yako nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Mlima una mlango, mwanangu? Nani kautia kufuli hata ulipe kiingilio? Ukitaka kuchoka, njoo ulime kwangu, sikutozi. Hiyo ada ni mabati, na jikoni panavuja. Panda peke yako, miguu si unayo?

Mama yako

2 Julai

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Nisamehe kwa kimya. Nilikusikia, nikajitoa, wakanirudishia ada. Pesa ya mabati nadhani ulipata. Jumapili iliyofuata nilipanda peke yangu. Kule juu kulipendeza mno, nikageuka niseme, "Ona!" Hapakuwa na mtu. Sikurudi tena.

Mwezi uliopita homa ilinilaza. Nilisikia majirani ng'ambo ya ukuta, vikombe vyao, vicheko vyao. Hakuna aliyebisha hodi. Niliporudi kazini msimamizi akauliza tu, "Mashuka ya ghorofa ya juu tayari?" Nilipomjibu, sauti ilitoka kama bawaba kavu. Tangu niugue sikuwa nimetamka neno.

Sikulaumu, Mama. Ila mimi sikuwa nimenunua mlima. Nilinunua watu wa kwenda nao.

Mwanao

14 Julai

Mwanangu, marahaba, na pole, pole sana. Kwa nini hukuniambia unaumwa? Lakini hata ungeniambia, ningekufikiaje? Jikoni hapavuji tena. Nakaa hapo pakavu, napika sufuria ya mtu mmoja. Lipa hiyo ada. Mwezi huu usitume kitu. Akiba haiozi, ni kweli, lakini mtu huoza akikaa peke yake. Hilo najua mwenyewe tangu baba yako aondoke.

Mama yako

29 Julai

Mama, shikamoo. Nimelipa. Jumapili tulienda. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Nilitembea nyuma kabisa, naona visogo vyao tu, nikawaza pesa yako imekwenda na maji.

Kabla ya kushuka, kiongozi wetu, dereva mstaafu, akaanza kuhesabu watu. Alipofika kwangu akasimama, akanitazama. "Haya," akasema. "Leo tumetimia."

Niliinama kufunga kamba za viatu ambazo hata hazikuwa zimefunguka.

Mama, na wewe huko, jioni ikiingia, nani anakuhesabu? Niandikie.

Mwanao