Ulivyoketi Kwenye Cherehani

Senge,

Jumanne wananipasua. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke. "Sema kitu kimekuleta, chai inapoa," ndivyo ulivyowaambia wateja waliokuja na kitambaa kimoja na hadithi ya harusi nzima. Basi kilichonileta ni hicho. Jumanne asubuhi, hapa Kitale. Karatasi ya kukubali upasuaji iko mbele yangu tangu jana, haina sahihi. Nimeiwekea mkasi juu isipeperuke. Dirisha limefungwa, lakini nimeiwekea tu.

Ni lile tumbo langu la chini. Lilianza nikiwa kwako Kamukuywa, nina miaka kumi na sita, nimekuja kujifunza kushona kwa senge wangu, dada ya baba. Ulinipa chupa ya maji ya moto ukasema, "Ni mambo ya wanawake, itazoea." Haikuzoea, Senge. Mimi ndiye niliyezoea, na hata hivyo vibaya.

Tangu tukuzike nimezunguka sana. Nimetibiwa taifodi mara nyingi hadi naiona kama shemeji. Nimetibiwa amiba, vidonda vya tumbo, na maambukizi ya mkojo ambayo mkojo wenyewe ulikataa kuyaonyesha. Kijana mmoja mwenye koti jeupe alinitazama akasema, "Mama, hiyo ni stresi." Nilikuwa sina, alinipatia yeye. Mwingine aliniambia nizae, itaisha. Nina miaka sita kwenye ndoa natafuta hicho hicho, kwa hivyo nikamshukuru kwa wazo. Kanisani waliniwekea mikono nikaanguka, nikabaki pale chini muda mrefu kuliko wenzangu wote. Watu walifikiri ni Roho. Sakafu ilikuwa baridi, tumbo likatulia kidogo, nikaona nisiharakishe.

Aliyegundua si daktari. Ni Mama Harjit, yule Kalasinga wa duka la vitambaa anayeniuzia bitana na zipu. Nilikuwa nimeegemea meza yake nikisubiri mita tatu. Akaacha kupima.

"Wewe, kila mwezi nakuona hapa umelala juu ya meza yangu," alisema. "Hii si taifodi, bana. Mimi nilikuwa nayo miaka na miaka, mama mkwe anasema ati najifanya."

Akachana kipande cha kadibodi, akaandika jina la daktari wake. "Usipoenda, zipu sikuuzii tena." Nilikuwa na sare za shule thelathini zinazongoja zipu. Nikaenda.

Daktari ni mwanamke mfupi. Anauliza, halafu ananyamaza mpaka ujibu, jambo ambalo lilinitisha. Aliuliza kama inauma nikienda choo, kama inashuka mguuni, kama inauma tukiwa kitandani na Wafula. Wafula ni mume wangu na hata yeye hajawahi kuuliza hilo la mwisho. Akanipima, akanifanyia skani, akaigeuza ile televisheni yake nione. Upande wa kushoto, kwenye kifuko cha mayai, kuna uvimbe mweusi wa mviringo. Ugonjwa wenyewe unaitwa endometriosis. Alivyoeleza, ni nyama kama ile ya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, ila hii imeota nje. Kila mwezi nayo inavuja damu huko huko, na damu haina mlango wa kutokea, inagandisha vitu pamoja. Nikamwambia, kama bitana iliyoshonwa nje ya koti. Akasema karibu hivyo, ila hii imejishona yenyewe.

Nililia pale, Senge. Miaka kumi na minane nimekuwa mvivu, mwenye mapepo, mwenye kujifanya. Nililia hadi akatafuta karatasi za kupangusa.

Halafu akauliza, "Kwenu kuna mwingine aliyeumwa hivi? Mama? Shangazi?" Nikasema hakuna. Nilisema haraka, kama mtu anayetetea ukoo.

Nikarudi nyumbani, nikaketi kwenye cherehani. Ni ile yako. Kwenye lufu, siku tuliponyolewa nywele na vitu vyako vikagawanywa, wazee walisema iende kwa mwanafunzi. Nikaketi ulivyonifundisha, kalio la kulia peke yake kwenye stuli, la kushoto hewani, mto mdogo chini ya nyonga, mguu mmoja ukikanyaga. Sisi tuliojifunza kwako tuko sita, na kutoka Kamukuywa hadi Kwanza ukiona fundi amekaa upande kama kuku anayesikiliza kitu, huyo ni wako. Wateja wanatutambua kwa hilo. Tulijua ndiyo siri ya mshono wako kunyooka. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtu, kwa majivuno, kwamba kukaa wima ni kwa mafundi wa kushona magunia.

Nikakanyaga mara mbili, nikasimama.

Kesho yake nilizunguka sokoni nikawaangalia mafundi wengine, mmoja baada ya mwingine. Wote wanakaa kwa makalio mawili, kama watu. Na mishono yao imenyooka.

Ulikuwa unaukimbia upande wa kushoto, Senge. Ulikuwa unaumwa, na sisi tukajifunza maumivu yako tukidhani ni ufundi. Na zile siku mbili za kila mwezi ulizofunga duka, ati unaenda Lugulu kwa maombi, sisi tulikuwa tunafurahi, tunakula miwa nyuma ya duka. Sijui kama ulifika Lugulu. Sijui kama ulifika hata barabarani.

Nilimpigia Rose, mmoja wetu sita, yule anayeshona kule Kwanza, nikamweleza. Akasema, "Kwa hivyo mimi kiuno kimeniuma miaka nane bure?" Tulicheka, halafu hatukucheka tena.

Jumapili nikaenda nyumbani kumwuliza baba. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua kichwa. "Dada yangu alikuwa analala kwa simiti ya jikoni," akasema. "Mama anamtoa na ufagio, ati uvivu. Mimi nilikuwa nacheka." Akaendelea kupukuchua gunzi ambalo lilikuwa limeisha.

Nilimpigia daktari nisahihishe jibu langu. Nikamwuliza kama nawe ulikuwa na ugonjwa huu. Akasema inawezekana, mara nyingi unatembea kwenye ukoo, lakini hawezi kumpima mtu aliyezikwa. Kwa hivyo sikuandikii kukuambia uliugua nini. Sijui.

Nakuandikia kwa sababu naogopa, na wewe ndiye ungeelewa. Karatasi inasema wakikuta kifuko cha kushoto kimeharibika watakiondoa. Daktari anasema kimoja kinaweza kutosha kupata mtoto, lakini hakuahidi. Nampenda kwa kutoahidi, na simpendi. Anasema pia ugonjwa wenyewe hauponi kabisa, unatulizwa na kufuatiliwa. Wafula amesema, "Tuende tu, mama," halafu akatoka kuangalia ng'ombe aliyemwangalia dakika tano zilizopita. Mama yake hajaambiwa. Wewe ulirudishwa kwenu kutoka kwa mume ukiwa na sanduku moja, na hakuna aliyesema ni mgonjwa. Walisema hazai. Nami kila nikishika kalamu naliona hilo sanduku, na sijui hata lilikuwa la rangi gani.

Nina hofu nyingine ya kijinga kuliko hiyo. Naogopa watanifungua wasikute kitu. Kwamba ile skani ilikosea, nirudi kuwa mtu wa stresi. Umewahi kusikia mtu anaomba akutwe na ugonjwa? Mimi naomba hivyo tangu Ijumaa, na naona aibu hata kumalizia amina.

Kwenye mazishi yako walisoma kwamba Mungu hakukujalia watoto lakini alikujalia uvumilivu. Niliitikia amina kwa sauti, wa kwanza kwenye safu yetu. Laiti ningeuliza ulikuwa unavumilia nini. Nililala nyumba moja nawe miaka minne, nikakufulia nguo, nikakushonea vifungo, na sikuuliza.

Senge, nimeinua mkasi. Nimetia sahihi sasa hivi, kati ya mstari uliopita na huu. Jina limetoka kama la mtoto wa nasari, lakini ni langu na linasomeka. Bado naogopa. Nilidhani nikishasaini hofu itapungua, nayo imekaa pale pale, imevuta stuli.

Pumzika. Nakuaga kwa sasa, na ahadi yangu ni hii: nikitoka huko, wakiniacha na kifuko kimoja au viwili au wasikute chochote, nitakwenda nyumbani niwaketishe ndugu zako wote, na mama mkwe wangu nimwalike. Sitawaambia jina la ugonjwa wako, kwa sababu hakuna anayelijua. Nitawaambia uliumwa miaka yote ile, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza unaumwa wapi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Nafula