Mama Aliendelea Kuongea Bando Lilipoisha

Hospitali ya Rufaa,
Wodi ya Upasuaji, ghorofa ya pili.
Alhamisi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko kambini? Kifua kimepoa, au bado unakohoa vumbi la mgodi? Kula vizuri, maana kwenye ile picha ya mwisho ulikuwa shingo tupu. Mimi mwili ni mzima. Habari za moyo usiniulize.

Mama ametoka chumba cha upasuaji salama. Uvimbe umeondolewa, na sauti imekwenda nao, kama daktari alivyotuambia. Anapumulia tundu shingoni na kulishwa kwa mpira wa puani. Hatazungumza tena. Hilo ulilijua, ndiyo maana uliomba ruhusa ushuke mjini Jumapili, upige simu umsikie kabla hatujafika hospitali.

Naandika kwa kuwa simu yako haipatikani tangu urudi kambini, na kuna jambo lazima ulijue. Ofisi ya kampuni yenu hapa imeahidi kuipeleka barua hii pamoja na mizigo.

Jumapili ile, kwenye treni ya kuja hospitali, mwenye bando nilikuwa mimi peke yangu. Nilinunua kubwa, nikawasha hotspoti, nikaunganisha kishikwambi ili Mama akuone kwenye kioo kikubwa. Nikaweka nenosiri. Mama akauliza la nini. Nikamweleza. Unamjua: kwake, kuficha mtandao ni sawa na kula umefunga mlango. Akanitajisha lile nenosiri mbele ya behewa zima, kisha yeye mwenyewe, kwa sauti ile iliyokwaruza, akawa anawagawia watu kama karanga. Alifurahi mno. Sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Basi wakaingia. Wanangu wakafungua katuni kwenye simu ya baba yao. Fundi cherehani wa kiti cha nyuma akatuma video za magauni yake, zote. Mjomba, profesa wetu asiye na chuo, akafungua kompyuta asome barua pepe moja tu, na kompyuta ikaanza kujisasisha yenyewe. Tukamwambia aizime. Akasema imeandika isizimwe, na yeye hapingani na mashine.

Ulipopiga, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa behewa nimeinua simu dirishani, maana mtandao ulishika hapo tu. Nilikusikia ukimcheka Mjomba na kompyuta yake. Kisha ujumbe ukaingia: bando limekwisha. Nikajaribu kununua jingine, nikaambiwa ombi langu linashughulikiwa. Nadhani linashughulikiwa hadi leo.

Wewe uliona imekata, ukadhani ni mambo ya kawaida ya mtandao. Mama hakuona hivyo. Picha yako iliganda ukiwa katikati ya kicheko, meno yote nje, na yeye aliendelea kuongea nayo.

Nilimkimbilia. Nilipofika alikuwa anasema, “Mwanangu, rudi. Sikuombi kingine. Nikitoka huko sitaweza kukuita tena. Utarudi?” Nikasema, “Mama, imekata.” Akaninyooshea kiganja ninyamaze, na nyumbani kwetu nani amewahi kumkatiza Mama? Akasubiri. Akauliza tena, polepole, “Utarudi, au hurudi?” Nawe unacheka tu pale kwenye kioo.

Akasema, “Haya. Nimekuelewa.” Akakifunika kishikwambi na khanga.

Nilimweleza. Mjomba naye alimweleza. Wapi! Nimekuwa wakili wako tangu utoto, kila kosa lako nina sababu yake, na sasa siku niliyosema kweli tupu hakimu hanisikilizi. Alinipungia mkono ule wa kufukuza inzi, akageukia dirisha. Hakusema neno hadi tulipofika, wala usiku ule, wala asubuhi walipomchukua. Yale ndiyo maneno ya mwisho ya sauti yake, mdogo wangu, na yalikuwa yako, na hukuyasikia.

Nimechoka. Nakaa kwenye benchi nje ya wodi nikijiuliza ningefanya nini. Muuguzi amempa Mama karatasi na kalamu aandike anachotaka. Anaandika “maji”, anaandika “geuza mto”. Juu yako haandiki kitu. Jana nilimwandikia mimi jina lako pale juu, akaipindua karatasi.

Shemeji yako anakusalimu, na wanangu wanaulizia zawadi zao. Mjomba anakusalimu kwa uchungu. Ile kompyuta hajaifungua tena. Msalimie rafiki yako mpishi wa kambi. Mungu akutie nguvu, akufungulie njia ya kutoka huko mapema.

Ukishuka mjini usinipigie ili tulie pamoja. Piga nimwekee sikioni, atake asitake. Kama unarudi, sema unarudi. Kama hurudi, sema pia, lakini asikie ni wewe na si picha. Na ukishasema, usinyamaze kumsubiri akujibu. Endelea kuongea. Nitakueleza mimi kama amegeuza uso.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo.