Macho ya Nashipae Mbele ya Wasaili

Mke wangu mpendwa,

Uniwie radhi kwa kimya changu. Tangu tulipokuzika Mashuuru sijakuandikia hata mstari mmoja, ilhali mimi ndimi niliyekuwa nikiwakemea wanafunzi wasiojibu barua. Leo hasira imenishikisha kalamu.

Mjukuu wetu Nashipae ameomba nafasi katika chuo cha ng'ambo kinachounganisha shahada ya kwanza na ya udaktari wa tiba. Anayekubaliwa husoma moja kwa moja mpaka awe daktari. Anayekosa husoma shahada ya kwanza tu, kisha hufanya mtihani mwingine mgumu ili aombe udaktari upya, bila hakika ya kupata. Mtihani wa sayansi aliufaulu vizuri sana. Ukabaki usaili, Nairobi. Nilimsindikiza kutoka Kitengela, nikaketi nje ya mlango.

Jibu likaja: msichana ana akili, lakini hajiamini, hakuwatazama wasaili machoni. Wamempa nafasi ya pili, ajirekebishe.

Ajirekebishe nini? Unamkumbuka dereva wa lori la maji, siku ya kwanza alipofika kwetu? Nashipae, mdogo vile, alimkimbilia akainamisha kichwa mbele yake. Mgeni wa watu akasimama na mpira wa maji mkononi, asijue mtoto anataka nini. Ukamwambia, "Mguse kichwa, baba. Hataondoka hapo mpaka umsalimie." Akafuta mkono kwenye suruali, akamgusa kana kwamba anagusa yai. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Hivyo ndivyo ulivyomlea: mkubwa huinamiwa, hakaziwi macho. Sasa watu wawili wasioweza hata kulitamka jina lake wanaiita heshima hiyo woga.

Nilitaka kujua walimwuliza nini.

"Waliuliza kwa nini mimi ni bora kuliko wenzangu, Babu."

"Ukajibu?"

"Nikasema hiyo waulize wenzangu."

Hilo nalo wakalihesabu kosa. Mimi ningalimpa alama zote. Ulipokuwa umelazwa, ni daktari yupi uliyemwamini? Yule aliyesimama mlangoni akitukazia macho na kutusomea ugonjwa wako kwa sauti kubwa, au yule kijana aliyeinama kando ya kitanda akakuuliza umelalaje? Sijui yule kijana angeupita vipi usaili huu.

Jirani yetu Mama Kioko amejitwika kazi ya kumfundisha, kibandani pake, huku akikata sukuma wiki. "Niangalie, Nashipae. Niangalie kama umenipata na kuku yako." Msichana anacheka, macho yanashuka. "Tena. Hiyo kuku iko kwa sufuria yangu, na wewe unacheka?" Nilikataa kushiriki upuuzi huo.

Leo asubuhi alikwenda kusailiwa tena. Kabla ya kutoka aliniinamishia kichwa, nikakigusa. Kisha akainua uso, akanitazama machoni bila kupepesa.

"Babu, nimekukosea heshima?"

Miaka yote hii sikujua kwamba ana macho yako. Nilimwambia hapana, aende, asichelewe.

Hasira yangu haijapoa. Kama ni macho waliyotaka, leo wameyapata. Wasitafute kisingizio kingine. Wakishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, wawe wamemkubali au wamemkataa.

Lala salama.

Mumeo