Nyumba ya Saa ya Kisumu

S.L.P. 61,
Bunda.
2 Septemba 1986

Kwako mpwa wangu Nassibu,

Assalaam alaykum. Kabla hujaikunjua barua hii yote, simama wima kwanza, maana anayekuandikia ni mtu ambaye nchi mbili zimeinua mti wa mpakani ili apite. Niliuona kwa macho yangu ukipanda juu. Ni kweli mbele yetu kulikuwa na lori la mahindi, lakini malori yanapitaga kila siku. Siku hiyo nilipita mimi, Shomari.

Haya, sasa kaa. Natumaini wewe na mkeo hamjambo huko Tabora, na masomo ya ualimu yanaingia kichwani bila kupiga hodi mara mbili. Sisi huku Bunda tu wazima. Pamba imeuzwa, watu wamepata baiskeli za kuharibu, kwa hiyo kazi ipo. Mama yako nilimwona Jumapili alipotoka Butiama kuja gulioni. Afya tele, sauti ile ile, isipokuwa analalamika kwamba hujamwandikia tangu Idi. Mwandikie, usinitie mimi katikati.

Barua yako niliipata. Umesema likizo ya Desemba unataka kumpeleka mkeo Kisumu mkatembee na kula vizuri, na umeniomba nikueleze ile nyumba yenye saa iko mtaa gani, ili na ninyi mpige picha mahali aliposimama mjomba wenu. Nilivyoisoma nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ndiyo maana jibu limechelewa. Maana sisi nasi tumetoka Kisumu juzi juzi, mimi na mkaza mjomba wako Kudura, Mama Rashidi, na habari ya nyumba hiyo ni ndefu.

Wewe picha unaijua, umekua ukiiona ukutani kwangu. Mimi ni kijana, nimevaa koti, mkono mmoja juu ya kiti, na nyuma yangu ghorofa kubwa yenye saa, mnazi pembeni, na meli inatoa moshi. Picha inaishia magotini, kwa sababu mpiga picha alitaka ghorofa yote iingie. Ndiyo picha niliyoipeleka kwa wazee wa Kudura nilipokwenda kuposa mwaka sitini na saba, nikawaambia nimetoka Kisumu, nilikuwa fundi mkuu wa baiskeli zote za bandari. Baba yake aliitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena, akasema mtu aliyefika huko hawezi kushindwa kulisha mke. Ndiyo maana karakana yangu inaitwa Kisumu Hospitali ya Baiskeli. Na ndiyo maana jirani yangu Magesa, yule wa mashine ya kusaga, kila asubuhi ananisalimu, "Mzee wa Kisumu, treni imefika?" Nami namjibu imefika, imekuulizia.

Sasa sikia. Mkaza mjomba wako ni mwanafunzi siku hizi. Usicheke. Ana miaka arobaini na moja, anavaa sketi ya buluu, anabeba daftari, anasoma ushonaji pale chuoni. Kazi yake ya mtihani ilikuwa kunishonea mimi suti ya Kaunda. Mkono wa kushoto umekuja mfupi kidogo, lakini nimemwambia mwalimu wake kwamba mkono wangu ndio mrefu. Walipofunga chuo Agosti, likizo ya wiki mbili, Mama Rashidi akaniambia hataki kanga wala sufuria. Anataka siku tatu Kisumu. Anataka ale mkate wenye siagi bila kupanga foleni, maana unakumbuka ile miaka tuliyokuwa tunafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, mkate tulikuwa tunausikiaga kama habari za vita vya mbali. Na zaidi ya mkate, anataka asimame pale pale niliposimama mimi, tupigwe picha ya wawili. Hilo tu. Miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kuniomba kitu kingine cha anasa.

Ningekataaje? Nikamwambia tutakwenda, na wale wa Kisumu watafurahi kuniona. Kesho yake akarudi kutoka Musoma na viatu vyeusi vya kufunga kamba, vipya, vya kwangu. Nikamwambia viatu ninavyo. Akasema hivi ni vya Kisumu.

Tulipanda basi alfajiri, tukavuka mto pale Kirumi, tukapita Tarime, na saa tano tukawa Sirari mpakani. Afisa pale akaniuliza safari yangu ni ya nini. Nikamjibu ni ukaguzi. Akamtazama Mama Rashidi, Mama Rashidi akasema, "Tunakwenda kula, mwanangu." Afisa akagonga muhuri. Hapo ndipo mti ulipoinuliwa kama nilivyokueleza.

Kisumu, Nassibu! Maduka yamejaa mpaka bidhaa zimetoka nje kupunga upepo. Sabuni ziko aina sita, na hakuna anayezikimbilia. Chumba tulipata karibu na stendi, kwa mama mmoja mnene mwenye roho safi. Asubuhi alituletea chai ya maziwa matupu na mkate wa kukata vipande, siagi imepakwa hadi pembeni. Mama Rashidi alikula kipande cha kwanza kimya kimya. Cha pili pia. Cha tatu akafumba macho. Nilikula saba mimi, na ningefika kumi kama mwenye nyumba hangeanza kuniita "baba wa mkate".

Mchana nikampeleka kwenye hoteli ya vitambaa vya meza, nikamwambia sisi watu wa hapa tunakulaga samaki kwa kisu na uma. Aliletwa sangara, wao wanamwita mbuta. Samaki mkubwa kweli: kichwa kilikuwa mezani kwetu, mkia nadhani ulikuwa bado haujaondoka Musoma. Nikachoma uma, nikakata kwa nguvu ya fundi, na kipande kikaruka kikatua kwenye chai ya bwana wa meza ya pili. Huyo bwana aliniangalia, akakitoa, akakila. Mama Rashidi alikuwa ameshanawa mikono zamani, anakula kama yuko kwao, akaniambia taratibu, "Baba Rashidi, hata wa bandarini wana vidole."

Ama kuhusu nyumba ya saa. Alikuwa ameibeba ile picha, Nassibu. Na fremu yake, na kioo chake, ameifunga ndani ya kanga! Mimi sikujua mpaka tulipofika mjini akaifungua barabarani kama mtu anayefungua maandazi. Akaniuliza tuanzie wapi. Nikamwambia kushoto. Tukaenda kushoto hadi mji ukaisha. Nikamwambia wamebadilisha barabara. Tukarudi kulia. Tukaona stesheni ya treni, nikasema ilikuwa hapa nyuma. Nyuma kulikuwa na ng'ombe. Tukafika kwenye mnara wa saa wa mjini, saa yenyewe ni ya kweli na inakwenda vizuri, lakini ni mnara mwembamba, hauna ghorofa wala mnazi. Nikasimama, nikautazama, nikamwambia, "Ndiyo huu. Wameupunguza."

Mama Rashidi akainua picha, akautazama mnara, akaitazama picha. Akasema, "Wamepunguza na meli?"

Nikamwambia meli ilikuwa inapita tu siku hiyo.

Akaifunga tena picha ndani ya kanga. Lakini siku ya pili akaanza kuuliza watu. Muuza magazeti akasema labda ni Nakuru. Polisi mmoja mrefu akaishika ile picha muda mrefu, akasema, "Mzee, hii nyumba Kisumu haiko, na mimi nimezaliwa hapa." Nikamwambia amezaliwa juzi. Viatu vipya vilikuwa vinanibana, jasho linashuka ndani ya Kaunda, na moyoni nilikuwa naona kila kitu kinaporomoka: picha, posa, jina la karakana, Magesa akipiga makofi mlangoni kwake. Hayo yote lakini ningeyavumilia. Nilichoshindwa ni kumfikiria huyu mwanamke, amefunga safari ya nchi nyingine kwa ajili ya kitu kimoja, arudi nyumbani ajue kwamba alichumbiwa kwa uongo. Usiku ule sikula mkate. Mwenye nyumba aliuliza kama naumwa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kabla ya basi la kurudi, akanipeleka yeye ziwani. Mimi nilikuwa nimechoka kuongoza. Kuna akina mama pale wanakaanga samaki chini ya mabati, moshi unakwenda majini, redio inaimba, watu wanaosha magari ndani ya ziwa lenyewe, jambo ambalo sijaliona kwetu. Tukakaa kwenye benchi. Akaagiza sato mmoja mzima na ugali. Halafu akaifungua ile picha, akaiweka mezani, akaniambia tena kwa upole, "Baba Rashidi, kula. Hiyo nyumba iko Musoma kwa Stanislausi, imekunjwa nyuma ya mlango wa chumba cha giza."

Nikarudisha tonge la ugali sahanini. Stanislausi ndiye mpiga picha wa Musoma, wewe unamjua, yule mwenye kitambaa kikubwa kilichochorwa, anachokitundika nyuma ya mtu anayepigwa picha.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema shangazi yake Mwanaupe ana picha ya harusi mbele ya nyumba hiyo hiyo, mnazi huo huo, meli hiyo hiyo, na saa yake nayo inasema saa nne na dakika kumi. Na shangazi Mwanaupe hajawahi kuvuka hata Kirumi.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu wiki ya pili ya ndoa, alipokwenda kumsalimia shangazi.

Nassibu, nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Miaka kumi na tisa huyu mwanamke amekuwa akinisikiliza nikiwasimulia wageni habari za Kisumu, ananimiminia chai, na nikisahau sehemu ananikumbusha! Ile habari ya kiboko aliyekuwa akipanga foleni ya mkate, ni yeye aliyeniambia viboko wawe wawili. Nikamuuliza basi kwa nini amenitembeza jua lote hili kutafuta kitambaa. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unanitembeza. Mimi nilikuwa nasubiri uchoke." Halafu akatoa mwiba kwenye samaki, akaniwekea mnofu upande wangu, akasema, "Umeisema Kisumu miaka yote hujaiona. Nilikuwa nakuonea huruma. Nilitaka na wewe uione."

Nilitazama ziwa. Moshi wa samaki ulikuwa mkali sana pale, watu wengi walikuwa wanafuta macho.

Basi ndiyo hivyo, mpwa wangu. Mjomba wako hakuwa fundi wa bandari. Nilifika Sirari mwaka sitini na tano, nikakaa miezi minane naziba pancha za malori, na madereva ndio walionisimulia Kisumu. Waliisimulia vizuri, nami nikaongeza chumvi kidogo. Ile picha nilipiga Musoma nikiwa narudi. Koti lilikuwa la Stanislausi, kila kijana alilivaa. Kwa hiyo Desemba mkienda msiitafute nyumba, mtamaliza soli. Nendeni ziwani kwenye mabati, mwulizeni mama mwenye kilemba cha kijani aliyetukaangia sato, mwambieni mmetumwa na mzee wa Kaunda, mkono mfupi. Huyo ananijua kweli, na hilo unaweza kumwapia mtu.

Picha tulipiga. Mzee mmoja mwenye kamera alikuwa anapitapita ufukweni, akatusimamisha na ziwa nyuma yetu na moshi wa samaki pembeni. Kondakta wa basi ametuletea wiki iliyopita, nami nakutumia nakala moja humu ndani. Angalia jinsi Mama Rashidi anavyocheka. Yule mpiga picha alitaka kutukata kiunoni ili sura zionekane, Mama Rashidi akakataa katakata. "Hadi chini," akamwambia, "miguu ionekane." Tumeitundika karibu na ile ya zamani. Magesa alikuja akazitazama zote mbili, akasema Kisumu imezeeka lakini mzee ameng'aa. Sikumjibu. Ni mara ya kwanza, na nimeona anasumbuka.

Barua hii Mama Rashidi ameisoma kabla ya kuifunga, maana siku hizi anasahihisha kila kitu hapa nyumbani, mpaka bei nilizoandika mlangoni. Anakusalimu sana wewe na mkeo, na anasema likizo ijayo ni zamu ya Kampala. Nimemwambia Kampala naijua vizuri. Magesa naye anakusalimu, ingawa hakutumwa. Msalimie mkeo, waambie na walimu wako kwamba wanafundisha mtu mwenye ukoo. Mungu awape afya na mitihani myepesi.

Ni mimi mjomba wako,
Shomari,
Kisumu Hospitali ya Baiskeli, Bunda.

Naongeza hapa pembeni, Mama Rashidi ameshakwenda chuoni na gundi haijakauka. Utajiuliza miezi minane Sirari, mpaka uko pale, ulikuwa wazi, kwa nini sikuvuka siku moja tu nikaiona Kisumu nikarudi? Dereva mmoja aliniambia kwamba kule anayeingia mjini bila viatu anafungwa. Nikamwamini. Hata picha ile haikuishia magotini kwa sababu ya ghorofa. Hili sijamwambia Mama Rashidi, ila nikitazama vile viatu vyeusi nadhani analijua. Nilikuwa peku, Nassibu.