Vyuma vya Shoto Dukani kwa Bwana Sadallah

Bibi Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Nakuja kwako na haya usoni, maana wenzangu hukuandikia habari za waume walevi na watoto watoro wa shule, na mimi mume wangu halewi, ananipenda nami nampenda, ila kuna jambo limenikaa kifuani na sina wa kumwambia, kwa kuwa kila ambaye ningemwambia ni ndugu yake au rafiki yake, basi nakuomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi ya nilivyokwisha kuharibu.

Mume wangu nitamwita Hamoud, ingawa silo jina lake. Ni karani wa bandarini, na tunakaa hapa Temeke pamoja na mama yake, nitamwita Bi Wahiba, mama mkwe ambaye tangu niolewe hajanipandishia sauti hata siku moja, na hilo ndilo linalonizidishia uzito. Hamoud anapenda kitu kimoja nje ya nyumba yake, nacho ni mpira wa gofu. Usicheke, Bibi. Makarani wenzake pamoja na wale wanaowabebea Wazungu mifuko ya fimbo huko mjini wamejifyekea uwanja wao huku kwetu, mashimo yake ni makopo ya maziwa waliyoyafukia, na kila Jumapili asubuhi wako huko. Fimbo, wenyewe huziita vyuma, ni za kuazimana, mwenye nazo akishapiga humpa mwenzake naye akapiga, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Sasa katika wote hao, Hamoud ndiye mbovu kuliko wote. Akipiga, chuma kinachimba ardhi na mpira unabaki pale pale ukimtazama. Wenzake humtania, "Hamoud, ukifika kwenye maji utuite!" naye hucheka pamoja nao, lakini akirudi nyumbani anakaa barazani mpaka chai yake inapoa, na mimi nikimwona vile roho inaniuma.

Alasiri moja nilikuwa ndani nakunja nguo, nikachungulia dirishani, nikamwona uani peke yake ameshika mpini mkongwe wa jembe, ameweka ndimu kavu chini, na amesimama upande usio wake, kama mtu unayemwona kwenye kioo, mkono wa kushoto ndio unaotawala. Akapiga. Bibi, ndimu ile iliruka ikapita juu ya paa la choo ikaangukia kwa jirani, na mume wangu akatabasamu tabasamu ambalo mimi sijalipata hata siku ya harusi yetu, kisha akatazama huku na huku, na ule mkono wa kushoto akauficha nyuma ya mgongo, na uani hapakuwa na mtu.

Nililia, sikujua kwa nini. Baadaye nikaanza kukumbuka mambo, jinsi anavyookota kalamu kwa kushoto halafu anaihamisha, jinsi anavyogonga msumari akidhani simwoni. Na nikakumbuka maneno ya mama mkwe mwenyewe, siku tulipokuwa tunachambua mchele, aliponiambia kwamba Hamoud alipokuwa mdogo kila kitu alikishika kwa kushoto, chakula na vyote, na watu wazima wakaanza kuhamisha sinia wakimwona anakuja, ikabidi mama huyu achane leso yake na kuufunga ule mkono kiunoni kila wakati wa kula, mpaka alipozoea. "Akalia," akaniambia, "na mie nikaenda kulia jikoni. Lakini ningefanyaje, mwanangu? Wangemwacha ale peke yake kama mgonjwa." Akaendelea kuchambua mchele wake, nami sikumjibu kitu.

Mimi nashona kofia, na nimekuwa nikidunduliza ili nimnunulie vyuma vyake mwenyewe, kwani baada ya Idi watu wa Temeke watashindana na watu wa Kinondoni, na Hamoud ameniambia, "Mke wangu, nikiaibika mara hii naacha. Nitakuwa nawaokotea wenzangu mipira, inatosha." Aliyasema akicheka, lakini mimi namjua akicheka kweli anavyocheka.

Basi nikaenda Kariakoo kwa Bwana Sadallah, anayeuza vitu vya Wazungu wanaorudi kwao. Vyuma vya kulia anavyo, bei yake inakata maini, akiba yangu ingenipatia viwili tena vyenye kutu. Halafu nikaona ukutani seti nzima ndani ya mfuko wa ngozi, vinang'aa, na kwa bei yake ningebaki na nauli na kitoweo. Nikamuuliza vina kasoro gani. "Vya shoto hivyo, bibie," akasema. "Kila mtu anashika, anajaribu, anarudisha. Mie naanikia taulo sasa."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilinunua kimoja, nikakipeleka mtaa wa Gerezani kwa Fundi Fakihi mhunzi, nikamwomba akigeuze uso uelekee upande wa pili kiwe cha kulia, maana niliwaza, nikivinunua vyote vya shoto na kuvigeuza, nitapata seti nzima kwa bei rahisi na hakuna atakayejua. Fundi Fakihi akasema hilo ni jambo dogo, yeye amegeuza hata geti. Akakipasha moto, akakikaba kwa koleo, akagonga, na chuma kikakatika shingo. Akanirudishia vipande viwili vimefungwa kwa gazeti, na gazeti lenyewe ni hili lenu.

Sasa niambie, Bibi. Nikimletea viwili vya kulia vyenye kutu, atanishukuru, ataendelea kuchimba ardhi, na baada ya Idi ataacha kitu anachokipenda. Nikimletea vya shoto, nimemwambia mbele ya mama yake na mbele ya Temeke nzima kwamba nimemwona, na kwamba mimi niliyekuja juzi nafungua kile alichokifunga mama aliyemzaa. Sadallah ameniwekea vilivyobaki mpaka mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mshona Kofia, Temeke

MAJIBU YA BI KOKUBERWA

Mwanangu Mshona Kofia, marahaba.

Ngoja nikugombeze kwanza, maana nikianza na huruma nitasahau. Ni nani aliyekutuma kwa mhunzi? Chuma cha gofu si bawaba, na mtu anayejisifu kwamba amegeuza geti hajakuambia kama geti lile linafunga mpaka leo. Lakini kosa lako kubwa halipo kwenye kuvunja chuma wala kwenye hasara. Ulitaka kukifanyia chuma kile jambo lile lile alilofanyiwa mume wako, kukilazimisha kigeukie upande wa pili ili watu wasione. Umeona kilivyokatika. Mshukuru Mungu kwamba mume wako hakukatika, ila amebaki akipiga ndimu uani kwa kificho, mtu mzima, karani, na mwenye nyumba yake.

Hayo yamekwisha. Nafuta machozi yangu, maana na mimi yamenitoka, nije kwenye vyuma.

Mimi gofu siijui. Anayeijua ni mume wangu, Bwana Audax, mwalimu, ambaye hupiga huku kwetu Kinondoni. Nilipomuuliza alifurahi mno hata akainuka mezani kunionyesha kwa mwiko, akaangusha bakuli. Nilipomwambia muulizaji anatoka Temeke alitaka kuyarudisha maneno yake yote, lakini nilikwisha kuyaandika.

Anasema hivi. Usinunue seti nzima kwa sababu tu ni rahisi. Mtu anayeanza hahitaji vyuma vyote. Tazama namba zilizochongwa chini ya kila kimoja, uchukue ya tatu, ya tano, ya saba na ya tisa, pamoja na kile kifupi cha kusukumia mpira shimoni. Hivyo vinamtosha mtu mpaka aote mvi. Hukusema ulivunja namba ngapi. Kama ni ya sita au ya nane, umebahatika, na kama ni ya saba chukua ya nane badala yake, wala Hamoud hatahisi tofauti. Sadallah akikuambia ni vyote au basi, muage kwa heshima uondoke polepole. Atakuita kabla hujamaliza ngazi. Vinavyobaki aendelee kuanikia taulo.

Kila kimoja kitazame kwa jicho moja toka mpinini mpaka chini, kama seremala anavyotazama ubao, kikiwa kimepinda kirudishe. Kitikise sikioni, kikilia ndani kimelegea. Chukua chenye mpini wa chuma, uache wa mti, maana joto letu hili na chumvi ya pwani vinaupinda mti. Kutu ya juu juu inatoka kwa majivu na mafuta ya taa, lakini kutu iliyokula vishimo shingoni, hapana, na wewe shingo sasa unazijua. Ngozi ya mpini ikiwa imechakaa isikutishe. Na urefu je? Nenda na ule mpini wa jembe. Aliuchagua mwenyewe bila kupimwa na mtu, na chuma kinacholingana nao kitamfaa.

Ndiyo, mwanangu, nimekwisha kukujibu. Nunua vya shoto. Viwili vya kulia vyenye kutu ni pesa ya kununulia huzuni, tena kwa bei ya kukata maini.

Unaogopa Temeke nzima. Temeke itacheka Jumapili moja, na itanyamaza mpira utakapopita juu ya vichwa vyao. Tena kuna faida ambayo hukuiona. Vyuma vya shoto havina mwazimaji. Mume wangu aliazimisha namba tano yake mwaka jana ikarudi ina umbo la mundu.

Unaogopa kumwambia kwamba ulimchungulia. Basi usimwambie. Siyo kila tunachokiona dirishani lazima tukiseme. Na Bwana Hamoud, ikiwa gazeti hili limetangulia mikononi mwako kabla ya mkeo, nakuomba kama dada yako, ruka ukurasa huu uende kwenye bei ya mbata.

Sasa nimfikie Bi Wahiba, maana huko ndiko moyo wako ulikokwama, na mimi nilikwama huko huko nikaweka kalamu chini. Mwanangu, soma tena barua yako. Mama yule hakukuambia habari ya leso kwa ajili ya mazungumzo ya mchele tu. Miaka yote hii amekaa nalo. Alimfunga mwanawe mkono ili mwanawe asitengwe kwenye sinia, na alifanya kazi yake vizuri, kwa kuwa leo Hamoud anakula na watu, anasalimiana na watu, hakuna anayehamisha chakula. Mbele ya sinia mkono wa kulia ubaki kuwa wa kulia, hayo ni malezi yenu na mimi si wa kuyagusa. Lakini uwanja wa gofu si sinia. Na yeye alilia jikoni, alikuambia kwa mdomo wake, na wewe hukumjibu kitu. Alikuwa akingoja neno, mwanangu. Mtu mzima hamwambii mkwe wake kwamba alilia ili asijibiwe.

Kwa hiyo kabla hujakwenda kwa Sadallah, kaa naye tena. Usiende na hotuba, nenda na mchele. Mwambie, "Mama, Hamoud anapiga vizuri akitumia shoto, na nataka nimnunulie vyuma, lakini sitanunua bila radhi yako." Halafu unyamaze, umwache mama apumue. Akikataa, uniandikie tena na tutakuna vichwa pamoja, lakini sidhani kwamba atakataa. Nadhani atakuuliza rangi ya mfuko.

Akikubali, mwombe jambo moja. Ile ngozi iliyochakaa ya chuma kimojawapo uitoe, na umwombe yeye aufunge mpini kwa utepe wa leso yake, auzungushe na kuukaza vizuri kama anavyojua kukaza. Fundi viatu angeweza kuufunga vizuri zaidi. Mwache mama aufunge. Vingine vyote mpelekee fundi viatu.

Kisha siku ya Idi, mkiisha kula, yeye ndiye ampe chuma hicho. Wewe kaa pembeni na ushonaji wako, usiseme neno. Hamoud ataona kinatazama upande gani, na ataitambua leso. Atakipokea kwa mkono wa kulia, kwa kuwa ni mama anayempa, na alimlea hivyo. Mngoje kidogo. Halafu atakihamishia kushoto, mbele ya mama yake, na wewe hapo inamia kofia yako, ili wasione kwamba unalia.

Bi Kokuberwa