Jina Lako Nililiuza Kinoo

Senge,

Nimepata kazi. Ile uliyokuwa ukiniombea kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, ya ofisini, ya kadi shingoni, nimeipata miezi mitatu baada ya kukuzika, na tayari imenichosha. Nakuandikia wewe, shangazi uliyenilea, kwa sababu Baba, kaka yako, kule Vihiga ataniambia tu nishukuru.

Ofisi iko katikati ya mji, orofa ya tano, lakini usidhani nakaa. Kampuni ni changa, haijafikisha hata miaka miwili. Imetengeneza programu ya simu: mwenye duka anaagiza mkate, maziwa, sukari, sabuni, na gari linamletea hadi mlangoni. Mimi natembea duka hadi duka nikiwashawishi waiweke kwenye simu zao. Nilipewa shati la kijani, karatasi moja ya maneno ya kusema na mafunzo ya siku mbili. Meneja wetu, Kevin, ambaye ni rika langu, aliniambia siku ya kwanza, "Usimpe mteja nafasi ya kusema hapana."

Wanasema, Senge. Wanasema kabla sijafungua mdomo. Wiki mbili nzima mtaani Kangemi sikumpata hata mmoja. Mzee fulani aliendelea kupanga mayai mpaka nikamaliza karatasi yote, kisha akaniuliza, "Sasa madam, wewe unanunua nini?" Nikanunua biskuti. Siku hiyo nilikukasirikia. Miaka yote hiyo ukiuza mashuka ya mitumba, na mimi ukinifukuza kibandani: "Enda usome, hii si kazi yako." Sasa ndiyo kazi yangu, na hukunifundisha.

Kevin akanipa wiki moja ya mwisho. Ndipo nikaenda Kinoo kwa Mama Njoki, rafiki yako uliyeuza naye Kangemi kabla hajafungua duka lake. Alinikumbatia, akalia kidogo, akanipa chai. Nilipotoa simu akasema, "Mimi hizo vitu za simu sielewi, mami. Na mtu wangu wa mkate hajawahi kuniangusha."

Nikamwambia, "Mama Njoki, kwani Senge angekubali nikuletee kitu kibaya?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Nililitunga mwenyewe. Nikaona uso wake ukilainika, nikajua nimeuza.

Alimwambia mtu wake wa mkate asije tena. Wiki ya kwanza gari lilifika vizuri. Jumatatu shule zilipofunguliwa, akanipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi: "Watoto wamejaa hapa na uniform, sina mkate, sina maziwa. Gari iko wapi?" Nikampigia Kevin. Akasema gari ni moja tu, limekwenda kwa wateja wakubwa wa mjini. "Mwambie liko njiani." Nikamwambia liko njiani. Lilifika saa nane mchana. Kesho yake hivyo hivyo.

Siku ya tatu nilienda mwenyewe. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikuwa akifuta kaunta ambayo ilikuwa safi tayari. Akasema, "Wateja wamezoea duka ya ng'ambo ya barabara. Na si wewe niliamini. Niliamini Rebeka."

Alilitaja jina lako, Senge, akaendelea kufuta.

Nilirudi ofisini nikamwambia Kevin sisajili mtu mwingine Kinoo mpaka gari lifike kwa wakati. Akasema, "Wewe uza tu. Gari si kazi yako." Nikamjibu, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Lakini ni mimi wananipigia!" Nilidhani nimefutwa kazi. Hapana, nilihamishiwa mtaa wa Satellite, na Kinoo akapewa mwenzangu. Yuko huko sasa hivi, na karatasi ile ile.

Jana kule Satellite mwenye duka aliniuliza, "Hiyo gari huja saa ngapi?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema alfajiri. Nikakukumbuka ukimkunjulia mama mmoja shuka la buluu na kumwonyesha tundu kabla hajaliona mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa, nikaona aibu, nikadhani hujui kuuza. Nikamwambia yule mwenye duka, "Huchelewa. Mkate chukua kwa mtu wako. Kwetu agiza sabuni, haiharibiki." Akaagiza katoni moja.

Moja tu. Kevin aliiona kwenye ripoti akatikisa kichwa. Sijui kama Jumatatu nitakuwa na kazi. Na usifurahi huko uliko, kwa maana katoni ya sabuni haimrudishii Mama Njoki wateja wake.

Nimemtafuta yule mtu wa mkate. Amesema atarudi kwake, mradi Mama Njoki mwenyewe amwite. Kwa hiyo Jumamosi naenda Kinoo, bila lile shati la kijani. Nitamwambia kwamba gari halikuwa njiani, na kwamba nilijua. Akinifukuza nitaondoka, na Jumamosi inayofuata nitarudi.

Jina lako sitaliuza tena, Senge. Hilo nakuahidi. Pumzika, mama yangu. Mimi bado niko barabarani.

Wako,
Mercy