Hiyo Bahasha Nimpelekee Nani?

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimejifunga kamba mwenyewe na sasa sioni fundo liko wapi.

Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo na mke wangu, tunaishi vyumba vya nyuma, mimi napiga, yeye anaweka fremu na kupokea wateja. Mwaka jana tulikubaliana akiba yetu inunue mashine ya kuchapia picha kubwa, nikatumwa mimi, na huko dukani nikakutana na dalali mwenye maneno matamu akanionyesha kamera ya mkanda, toleo maalumu, imepakwa dhahabu, ina namba yake, iko kwenye boksi la mbao lenye lakiri, akaniambia kaka, hii hupigi picha, hii unaiweka tu, ukikata lakiri umeua thamani, ukiiacha inazaa yenyewe kama kuku. Nikanunua. Nyumbani nikasema mashine zimekwisha, pesa nimemwachia mwenye duka tunasubiri mzigo mwingine, na hili boksi ni la rafiki yangu kasafiri, nimtunzie.

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mke wangu mali ya mtu anaiogopa kuliko yake. Alilitia kabatini katikati ya nguo zake nzuri, analifuta vumbi, na mimi nikitaka kulichungulia ananiuliza, "Baba, lako hilo?" Namwambia hapana. "Basi liache lipumzike."

Mwezi uliopita akaja mama mkwe kupigwa picha, kavaa akavalika, anahamia mbali kwa shemeji yangu na hatuna picha yake hata moja ya maana, maana akiona kamera anakaza uso kama anachomwa sindano. Nikabonyeza, kamera yangu ya kazi ikagoma. Nikaizima, nikaiwasha, kimya.

"Mkwe wangu," akasema, "hiyo nayo imeniogopa?"

Nikaenda kabatini nikarudi na boksi. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Unafanya nini? Amana ya watu hiyo."

"Nitaongea naye."

"Utaongea naye kwa mdomo upi?"

Nikakata lakiri. Mikanda tunayo, siku hizi kuna wanaoiulizia, nikatia mmoja, na niliposikia ule mlio wa kuuvuta, mshauri, ujana wote ulinirudia mkononi. Mkanda una picha chache, hufyatui ovyo, kwa hiyo nikawaacha mama na binti yake wanisengenye mbele yangu, jinsi nilivyokwenda kuposa na viatu vya kuazima, mama akacheka mpaka akajisahau, na hapo nikapiga.

Mkanda niliusafisha mwenyewe bafuni, nikaichapa picha. Sura ilipotokea nilikaa sakafuni. Ni yeye, mzima mzima. Mke wangu alilia huku anacheka, tukaibandika dirishani, na tangu hapo watu wanasimama, wanaingia, wanasema nataka kama ya yule mama. Tuna foleni, mshauri. Jirani mwenye saluni ananinunia, wateja wangu wamekalia viti vyake.

Sasa dalali anasema bila lakiri ile kamera hata nusu ya bei sipati, ila anayo nyingine, haijafunguliwa, nikiichukua itafidia. Na mke wangu kila jioni anatenga pesa kwenye bahasha, anasema hii ni ya rafiki yako, tukimwona tumwombe radhi na kumlipa. Jana kaniomba namba yake ya simu. Je, ninunue ya pili nirudishe hasara? Na hiyo bahasha nimpelekee nani?

Mpiga picha mwenye aibu

*

Kaka mpiga picha,

Nimecheka, kisha nikakasirika, na hasira bado ninayo.

Nianze na lile jepesi. Usinunue. Ndani ya dhahabu kuna mashine ya kawaida, wewe umelipia koti. Zipo zinazopanda bei, sikatai, lakini hizo ziko kwa watu wenye pesa wasiyoihitaji, wanaojua watamwuzia nani. Wewe utamwuzia nani? Dalali yuleyule? Kama zinazaa kweli, mbona yeye hakai nazo?

Tena hasara ipi unayoililia? Ilipolala kabatini haikukuletea kitu. Ulipothubutu kuifungua imekuletea foleni mpaka saluni. Umeshinda, kaka, na umeshinda kwa kazi ya mikono yako. Furahi, una haki.

Sasa mkeo. Umemfanya mlinzi wa uongo wako, na bado anaulipia kwa jasho lake. Halafu unaniuliza habari za kamera ya pili? Ona haya kidogo.

Leo mkifunga studio, kabla hajaigusa bahasha, mwambie: rafiki hakuna, mwenye duka hana pesa yetu, kamera ndiyo akiba yetu. Usianze na foleni ukijisifu, anza na uongo. Atanuna. Akikwambia ulale studio, lala, na asubuhi ufungue mlango kama kawaida, wateja hawana kosa.

Bahasha ni yake. Ikijaa, dukani aende yeye, mashine achague yeye, alipe yeye, wewe uibebe mgongoni mpaka ndani, na dalali akikuita njiani, usigeuke. Ukiitua sakafuni, hapo na mimi nitakupigia makofi.